Kulala si Kulegea

Karatasi ilibandikwa kwenye kabati la dawa Jumatatu asubuhi, na kabla gundi haijakauka Mama Mpira alikuwa ameshaisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari, midomo ikinong'ona. Si kwamba hakuielewa. Hakuamini tu kwamba mtu mwenye akili zake timamu ndiye aliyeiandika.

Ilisema kamati ya hospitali imeamua watoto wa chini ya mwaka mmoja wasipewe tena dawa ya kulegeza. Walazwe kwa gesi mpaka wazame, waongezewe kidogo ile dawa ya usingizi, nyeupe kama maziwa, kisha mpira upitishwe. Chini palikuwa na sahihi ya mkuu wa kitengo cha usingizi, na muhuri uliogongwa kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza.

Dada wa vyombo, aliyekuwa akipanga mikasi kwenye trei, alijifanya hakusikia. Watu wa chumba kile cha upasuaji walijua kwamba Mama Mpira akianza kuuliza maswali kwa sauti ndogo, heri uwe na kazi mkononi.

Jina hilo la Mpira halikuwa la kandanda. Wageni walidhani ni shabiki, wakamuuliza timu yake, naye akawajibu kwamba yeye ni wa upande wa koo. Mpira wake ni ule mwembamba wa hewa unaopitishwa kooni mwa mgonjwa aliyelazwa usingizi, ili apumue huku kisu kikifanya kazi yake. Kwa mtu mzima ni mnene kama kidole. Kwa kichanga ni kama mrija wa kunywea, na njia unayopita ni nyembamba kiasi kwamba mkono ukitetemeka kidogo tu umekosa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiupitisha, na mkono wake haukuwa wa kutetemeka.

Aliingia hospitalini kwa kupiga deki. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipougua na yeye ndiye akawa muuguzi wa nyumba, mpishi wa nyumba na baba wa nyumba. Akiwa na ndoo na tambara ndipo mzee mmoja wa kitengo cha usingizi, ambaye sasa ni marehemu, alipomwona amesimama mlangoni akitazama bila kupepesa mgonjwa akilazwa. Akamwita amshikie taa. Kesho yake akamwita tena. Baada ya miaka mitatu ya kushika taa alipelekwa mafunzoni, akarudi na cheti. Mwenyewe husimulia kwamba kwenye mtihani mikono ilipata mia na kalamu ikapata hamsini, na kwamba hajawahi kumwona mgonjwa aliyepumua kwa kalamu.

Kalamu hiyo ndiyo ilikuwa kidonda chake. Mdogo wake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alijitolea zaidi ya mara kumi kumfundisha kupanga sentensi. Alikataa. Alisema yeye huandika maneno matatu pale ambapo wasomi huandika kumi, na mgonjwa ni yuleyule. Mtu akitaka kumsomea alichokwisha kuandika, hata kwa nia njema, aliambiwa aondoe macho yake hapo.

Basi jioni ya Jumatatu ile sufuria zilikiona cha mtema kuni. Zilitupwa, zikagongwa, mfuniko mmoja ukapinda. Mdogo wake alimwacha atue, kisha akamwambia dada, sufuria hizo hazikukaa kwenye kamati, zihurumie. Mama Mpira hakucheka. Akaeleza, kwa mara ya kwanza tangu waishi pamoja, kitu anachokijua.

Alisema watu wanachanganya mambo mawili. Kulala ni kwa kichwa. Kulegea ni kwa nyama. Kichanga anaweza kulala fofofo, ukamfinya asijue, lakini ukimgusa koo kwa chuma, ule mlango wa sauti unajifunga pap, kama konokono aliyeguswa pembe. Hapo hewa haiingii wala haitoki. Mtu mzima ana akiba kifuani, atakusubiri. Kichanga hana akiba. Unahesabu pumzi zako mwenyewe chache tu, na midomo yake imeshageuka rangi. Dawa ya kulegeza inaufanya mlango ule usimame wazi, usibishe. Ndiyo maana anaitaka kabatini.

Mdogo wake akamuuliza, na hiyo njia yao ya gesi haifai kabisa? Mama Mpira ni mbishi lakini si mwongo. Akakiri inafaa. Mwenyewe ameitumia kwa watoto wengi wenye afya, waliozuiwa kula saa za kutosha, na mikono ikiwa na subira. Lakini ili koo likubali bila dawa ya kulegeza lazima umzamishe mtoto sana, na gesi nyingi inaubana moyo mdogo. Mtoto dhaifu moyo wake hauwezi. "Fundi ana nyundo, msumeno na patasi," alisema. "Hawa wamechukua patasi yangu wakaitupa, wananiambia nichonge kwa nyundo."

Wiki tatu alinuna. Aliacha kumwita mkuu wa kitengo mwanangu, akawa anamwita Mheshimiwa, na neno hilo lilitoka mdomoni mwake kama mfupa wa samaki. Mkuu huyo alikuwa daktari wa miaka thelathini na minne, na ni Mama Mpira aliyemfundisha kushika barakoa ya gesi, enzi akiwa mwanafunzi, juu ya mwanasesere wa plastiki, akimpiga vidole kila alipobonyeza shingo. Alikwenda kusoma, akarudi na vyeti, akakalia kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia kila siku, shikamoo Mama, kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini kila alipoulizwa sababu ya ile karatasi alijibu kwamba kamati imekaa, ripoti ipo, mambo yameamuliwa. Hakuwa akimtazama machoni.

Ndipo akaletwa yule mtoto.

Alikuwa wa kiume, wa wiki sita. Mama yake, binti mwembamba aliyevaa kandambili zisizofanana, alieleza kwamba kila akinyonya, maziwa yanaruka kama bomba lililopasuka, yanafika ukutani. Mlango wa chini wa tumbo lake ulikuwa umekaza, maziwa hayapiti kwenda mbele. Alikuwa amekauka, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Alitundikiwa dripu siku mbili mpaka damu ikatengemaa, na asubuhi ya siku ya tatu jina lake likaandikwa ubaoni kwa upasuaji, la kwanza.

Mama Mpira alipita wodini kumwona. Akamshika unyayo, akasikiliza kifua, akamtazama mama mtu.

"Wewe ndiye utakayemlaza?" binti alimuuliza.

"Ndiye mimi."

"Ataamka?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa maelfu ya mara, na jibu lake huwa moja, kwamba tutafanya kazi yetu. Safari hii alilitazama kwanza tumbo la mtoto. Huyu alikuwa na tumbo ambalo halijimwagi. Hata likifyonzwa kwa mpira wa puani, huna hakika. Ukimzamisha polepole kwa gesi, akajitapikia katikati, uchafu unaingia kwenye mapafu. Ukimwongezea gesi upesi, moyo uliokwisha choka kwa kukauka utakataa. Huyu alihitaji njia moja, ya mshipani, ya haraka, yenye kulegeza. Na chupa mbili za kulegeza zilikuwa zimehamishiwa kwenye jokofu lililofungwa, ufunguo ukiwa kwa Mheshimiwa.

Alimwambia binti, "Nisubiri," akatoka kwa kasi hivi kwamba mhudumu wa wodi akajibana ukutani.

Ofisi ya mkuu ilikuwa chumba kidogo chenye feni isiyozunguka na mafaili hadi dirishani. Mpasuaji naye alikuwamo, mtu mnene wa maneno machache ambaye Mama Mpira humwita Fundi, na yeye hufurahi. Alikuwa amekuja kuuliza kwa nini hawaanzi.

"Hatuanzi kwa sababu simlazi," Mama Mpira akasema.

Mkuu akashusha pumzi. Akasema Mama, tumeshaliongea hili. Akaeleza tena habari za utafiti wa huko kwenye hospitali kubwa, kwamba vichanga wengi wamepitishiwa mipira bila dawa ile, na kwamba hospitali hii imekwisha kuumwa na nyoka mara moja. Mama Mpira akamwambia nyoka huyo hamjui, amwonyeshe. Wiki tatu anasikia ripoti, ripoti, kama ripoti ni jini lisiloonekana kwa macho.

Labda ni kwa sababu Fundi alikuwa amekaa pale anatazama saa. Mkuu aliinuka, akavuta faili, akalifungua juu ya meza. Ndani yake palikuwa na karatasi za kamati zilizopigwa chapa, na nyuma yake nakala ya ukurasa wa daftari la chumba cha upasuaji. Akaweka kidole.

"Soma mwenyewe, Mama. Ni mwandiko wako."

Ulikuwa wake. Herufi kubwa, zilizosimama mbalimbali kama watu waliogombana. Ilikuwa siku ya yule mtoto wa miezi minne mwenye ngiri, miezi miwili iliyopita. Siku hiyo mkuu mwenyewe ndiye aliyeshika barakoa, na yeye Mama Mpira akaambiwa apumzike, aandike tu. Aliandika hivi: MTOTO ALILEGEA. DAWA KULEGEZA. MPIRA. RANGI IKARUDI.

Kwenye ukurasa mwingine kamati ilikuwa imeandika kwa herufi nzuri kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu za mhudumu mwenye uzoefu, mtoto alilegea kupita kiasi kutokana na dawa ya kulegeza, akabadilika rangi, na akaokolewa kwa kupitishiwa mpira.

Aliisoma, kidole kikifuata. Akarudi kwenye mwandiko wake, akausoma tena. Halafu damu ikampanda kutoka miguuni.

Kwa maana yeye alikuwepo. Siku ile mtoto alilazwa kwa gesi peke yake. Fundi, akinawa mikono chumba cha pili, aliuliza amelala? Mkuu akajibu amelala, akaingiza taa ya chuma ya kutazamia koo, na mpira, na koo likajifunga. Mtoto akawa bluu. Mikono ikaanguka pembeni, shingo ikaanguka, akawa kama kitambaa kilicholowa. Hiyo ndiyo ALILEGEA aliyoiandika. Alilegea kwa kukosa hewa, alilegea kama anayekwenda. Ndipo yeye Mama Mpira alipoiacha kalamu, akachoma dawa ya kulegeza kwenye mshipa, koo likafunguka, mpira ukapita, rangi ikarudi. Mtoto alikwenda nyumbani siku ya tatu ananyonya. Dawa ile ndiyo iliyomtoa kaburini. Na neno moja la kalamu yake ndilo lililoishtaki dawa hiyo na kuitia kifungoni.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo alilolifikiria kwanza, na hakulionea haya baadaye kulikumbuka. Kamati nzima ya watu wenye digrii ilisoma vibaya, yaweza kuwa kosa lao. Hakuna anayejua kwamba ameelewa. Akifungua mdomo, ile hamsini ya kalamu inatoka hadharani, mbele ya Fundi, na kesho dada wa vyombo atajua, na keshokutwa wapiga deki. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwaambia watu waondoe macho yao kwenye mwandiko wake. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Akavuta kiti, akakaa. Alikuwa hajawahi kukaa katika ofisi ile.

"Neno hili nimeliandika mimi, na nimeliandika vibaya," akasema. "Nilitaka kusema mtoto alizirai. Alikosa hewa, akawa kama tambara. Sikuandika dakika, sikuandika nani alitangulia. Dawa ilikuja nyuma. Kalamu yangu ni fupi, na ufupi wake umefanya haya. Fundi, umesikia. Nimesema mimi, hakunisingizia mtu."

Fundi akaacha kutazama saa.

Kisha Mama Mpira akamgeukia mkuu, na sauti ikashuka zaidi, ile ndogo inayofanya watu watafute kazi.

"Mimi nimekosea kuandika. Wewe ulikuwepo. Ulishika taa wewe. Uliposomewa hii kwenye kamati, uliwaambiaje?"

Mkuu alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akasema walipofika kwenye ule mstari wao wenyewe walielewa vile. Mwenyekiti akasema basi ni dawa. "Niliona wameshaelewa hivyo, Mama. Nikaacha."

"Ukaacha."

"Wangeniuliza kwa nini niliingiza mpira mapema."

"Na ungewajibu. Ungewajibu kwamba alilala, hakulegea, na wewe hukujua tofauti, kama mimi nilivyosema sasa hivi sijui kuandika. Ingekuuma siku mbili. Badala yake umebandika karatasi. Mimi sikukufundisha kushika barakoa ili uifunike sura yako nayo."

Nje kitoroli kilipita kikilia gurudumu. Mkuu uso ulikuwa umemvimba kama mtoto aliyezuiwa kulia, na Mama Mpira, ambaye siku nyingine angemwonea huruma, hakumwonea. Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu.

"Ufunguo."

Fundi akakohoa, akasema kwa upande wake yeye hukata tu, lakini mtoto huyu akitapikia mapafu yake hatakata chochote. Mkuu akatoa ufunguo mfukoni. Hakuuweka kiganjani. Alisimama, akasema atakuja kufungua mwenyewe, na ataingia chumbani, na safari hii ataandika yeye.

"Utaandika dakika kwa dakika," Mama Mpira akamwambia, ameshatangulia mlangoni.

Mtoto aliletwa amefungwa blanketi. Mama Mpira alimfyonza tumbo kwa mpira mwembamba, akamgeuza ubavu huu, akafyonza, akamgeuza ule, akafyonza tena, na bado yalitoka maziwa yaliyoganda. Dada wa vyombo alipoyaona alifunga macho kidogo. Mama Mpira akampa mtoto oksijeni ya kutosha. Akachoma dawa ya kuufanya moyo usipunguze mwendo, akachoma ya usingizi, akachoma ya kulegeza, kipimo kidogo alichokipima mara mbili kwenye bomba jembamba la sindano na kumwonyesha dada wa vyombo asome namba kwa sauti.

"Amelala?" Fundi akauliza kwa mazoea.

"Amelala. Hajalegea. Kaa kimya."

Alikuwa ameshika taya dogo kwa kidole kimoja. Alisubiri. Kipimo cha mapigo kilichobanwa kidoleni kililia tii, tii, tii, bila kubadili sauti. Mkuu, pembeni na daftari, alitazama saa ya ukutani, akaandika. Kisha Mama Mpira alihisi lile taya likimwachia, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango kwa ndani akaamua kwenda zake.

"Amelegea," akasema. "Andika."

Akaingiza taa. Milango miwili myeupe ya sauti ilikuwa imesimama wazi, haina ubishi. Mpira ukapita mara moja. Akasikiliza kifua kulia, akasikiliza kushoto, akabandika plasta, akamwambia Fundi sasa unaweza kutazama saa yako.

Upasuaji haukuchukua muda. Mtoto alipoanza kujinyonganyonga na kuukataa mpira mwenyewe, mdomo ukikunjwa kwa hasira, Mama Mpira alimtoa mpira, akamsikia akilia, akatoka nje hadi kwenye benchi. Yule binti alisimama kandambili moja ikimtoka.

"Ameamka," Mama Mpira akamwambia. "Ana hasira kama mimi. Nenda ukamwone."

Alidhani hasira yake ingeishia hapo. Haikuisha. Alirudi ofisini, akamkuta mkuu ameshabandua karatasi ya kabatini na kuitupa kwenye pipa la taka. Mkuu akamwambia yamekwisha, Mama, kuanzia leo tunarudi kwenye utaratibu wa zamani, na ataongea na mwenyekiti kwa simu, hakuna haja ya kuandikiana.

"Hayajaisha," Mama Mpira akasema. "Kwa simu ndivyo mtu anavyoacha. Chukua kalamu."

Akakaa kwenye kile kiti kwa mara ya pili. Akasema, naye mkuu akaandika, kwamba siku ile mtoto wa miezi minne alilazwa kwa gesi, hakulegea, koo likafunga kwa sababu mpira uliingizwa mapema, na aliyeingiza ni fulani. Mkuu alipofika kwenye fulani alisita. Mama Mpira alisubiri, kama alivyosubiri taya. Mkuu akaandika jina lake mwenyewe. Kisha Mama Mpira akamwandikisha kwamba neno alilegea daftarini lilimaanisha mtoto alizirai, na aliyeliandika hivyo ni yeye, mwenye elimu ya darasa la nne. Mkuu akasema hilo la darasa la nne si lazima.

"Weka. Wasije wakasema walidanganywa na msomi."

Alimwambia aisome ile barua kwa sauti mara tatu. Mara ya pili alimsimamisha, akabadilisha mapema kuwa kabla ya kulegea, kwa sababu mapema ni neno la kukwepea. Mara ya tatu akasikiliza hadi mwisho, macho amefumba. Halafu akavuta karatasi kwake, akachukua kalamu na kuweka jina lake lote chini, herufi moja moja, kubwa kuliko ya mkuu, na mkuu akawa anasubiri zamu yake.